Vifuko na Vifungashio vya Chai Visivyolimbikiza Plastiki: Mwongozo kwa Wasindikaji Wadogo wa Dodoma

Mwongozo huu ni wa wanaofungasha chai kwa kiasi kidogo Dodoma na mikoa ya jirani: vikundi vinavyosindika choya (rozela), mlonge na mchaichai, wanaonunua chai ya Mufindi, Njombe au Rungwe kwa magunia na kuifunga upya, na wapishi wanaohudumia chai kwenye semina na mikutano.

Kanuni moja inatangulia mengine yote: dhibiti unyevu wa chai kwanza, ndipo upunguze fungashio. Chai iliyoota ukungu ndani ya karatasi nzuri ya kaki imepoteza maji, kuni, shamba na jasho la mkulima, na hasara hiyo ni kubwa kuliko kipande cha plastiki ulichokiepuka. Hapa ndipo Dodoma inapodanganya watu. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu kiasi kwamba hata bahasha ya kaki tupu inaonekana inatosha. Pakiti hiyohiyo ikipanda basi kwenda Dar es Salaam, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 75, baada ya wiki chache choya inalegea na kushikana mabonge. Fungashio la Dodoma lipimwe kwa hewa ya Dar.

Pima ulichonacho

Nunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Chukua boksi moja la bidhaa yako, au la mshindani, ulifumue lote na upime kila kipande peke yake. Boksi la vifuko 25 vya gramu 2, kila kimoja kwenye bahasha yake ya karatasi, hutoa hesabu inayokaribia hii:

- Karatasi ya kifuko: gramu 0.1 kila kimoja, jumla 2.5
- Uzi na kikaratasi cha kushikia: gramu 0.2, jumla 5
- Bahasha: gramu 0.5, jumla 12.5
- Boksi: gramu 20
- Nailoni ya kuvalisha boksi nje: gramu 1

Jumla ni gramu 41 za fungashio kwa gramu 50 za chai. Linganisha na gramu 100 za majani huru ndani ya mfuko wa kaki wenye kifuko chembamba cha ndani: fungashio lote ni gramu 5 hadi 6.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Uzito mkubwa uko kwenye boksi na bahasha, na karatasi huoza. Plastiki ni chini ya gramu 2, lakini ndiyo isiyoondoka shambani. Ukitaka kupunguza taka na gharama, anza na bahasha. Ukitaka kuondoa plastiki, anza na kifuko chenyewe na nailoni ya nje.

Kifuko kimetengenezwa kwa nini

Karatasi ya vifuko vya chai ni ya aina mbili. Ya kwanza huzibwa kwa joto: imechanganywa nyuzi za polipropilini au polithini, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30, ili pande mbili ziyeyuke na kushikana mashine inapobana. Nyingi huwa na uzito wa karibu gramu 16.5 kwa mita ya mraba. Ya pili haizibwi kwa joto: ni nyuzi za abaka (mmea wa jamii ya mgomba) na mbao, karibu gramu 12 hadi 13 kwa mita ya mraba, na kifuko chake hufungwa kwa kukunjwa, kisha kushikwa kwa uzi au pini. Hata hii ya pili hutiwa kiasi kidogo cha kemikali ya kuifanya isichanike kwenye maji, kwa hiyo usiiandike kuwa haina kitu chochote.

Kuna pia vifuko vya pembetatu vinavyong'aa kama hariri. Hivyo ni nailoni, poliesta au PLA (plastiki inayotokana na mimea). Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliripoti kwamba kifuko kimoja cha plastiki kwenye maji ya nyuzi joto 95 kiliachia vipande bilioni 11.6 vya mikroplastiki. Wanasayansi wengine wameihoji hesabu hiyo, lakini kwa msindikaji mdogo uamuzi hauhitaji kusubiri mjadala uishe: vifuko hivyo ni ghali na havina faida yoyote kwa choya wala mlonge.

PLA inahitaji maelezo kidogo kwa sababu ndiyo inayouzwa sana kwa jina la "plastiki ya mahindi inayooza". Inatokana na mimea, ni kweli. Lakini kiwango cha Ulaya cha EN 13432, ambacho wauzaji hukitaja, hupimwa katika joto la kiwanda cha mboji, nyuzi joto 58 hivi, kwa hadi miezi 6. Shimo la mboji la nyumbani halikai kwenye joto hilo muda wote huo. Kama huna kiwanda cha mboji kinachopokea vifuko vyako, hesabu PLA kuwa plastiki.

Muuzaji akikuletea karatasi na kukuambia "haina plastiki", ijaribu mwenyewe mbele yake:

1. Jaribio la pasi. Kunja kipande cha karatasi mara mbili, kiweke katikati ya karatasi mbili nyeupe za kawaida, bonyeza kwa pasi ya moto wa pamba kwa sekunde 10. Kikishikana, kina plastiki au PLA ndani. Karatasi tupu hufunguka bila kushikana.
2. Jaribio la moto. Shika kipande kwa koleo, kiwashe juu ya sahani ya bati. Karatasi tupu huacha jivu jepesi linalosagika. Yenye plastiki hujikunja na kuacha ukingo mgumu au kitone cheusi.
3. Jaribio la uzi. Fanya hivyohivyo kwa uzi. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu. Poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Nyuzi nyingi za mafundi cherehani wa mjini ni poliesta hata kama dukani zinaitwa "za pamba".

Majaribio haya hayatofautishi PLA na polipropilini. Hapo omba hati ya kiufundi ya bidhaa kutoka kwa mtengenezaji, na kama muuzaji hana, usinunue roli nzima.

Unyevu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapopita haraka wakikimbilia boksi zuri.

Chai nyeusi ikitoka kiwandani huwa na unyevu wa asilimia 3 hadi 5, na ikipita 7 huanza kupoteza harufu upesi. Mlonge na mchaichai vifungwe vikiwa na asilimia 8 au chini. Choya ivumilie hadi 10, lakini isipite, maana asidi na sukari zake huvuta maji kutoka hewani kuliko majani yoyote mengine kwenye orodha hii.

Choya mbichi ni maji karibu yote. Kilo 10 za maua yaliyotolewa mbegu hukupa takriban kilo 1 kavu. Ioshe kwanza, kwa sababu kati ya Julai na Septemba upepo wa Dodoma hubeba vumbi jingi, na mchanga ndani ya kifuko hutoboa karatasi na kukaa chini ya kikombe. Kausha kwenye kaushio la jua lililofunikwa kwa neti, nyuzi joto 50 hadi 60, tabaka moja tu, ukigeuza. Mlonge ukaushwe kivulini penye upepo, kwani jua kali huugeuza kahawia. Mchaichai ukatwe vipande vya sentimita 1 hadi 2 kabla ya kukauka. Ukikatwa ukiwa mkavu unatoa nyuzi ndefu zinazotoboa vifuko.

Choya iliyokauka vizuri hukatika ukiikunja. Ikipinda kama ngozi, bado.

Mkono hautoshi kwa bidhaa ya kuuza, hivyo pima. Chukua gramu 10 kamili, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 105, pima kila saa mpaka uzito usibadilike. Gramu zilizopungua, ukizizidisha kwa 10, ndiyo asilimia ya unyevu. Kwa mchaichai namba itazidi kidogo ukweli kwa sababu mafuta yake ya harufu nayo huruka. Ile njia ya wakulima ya kutikisa mahindi na chumvi kwenye chupa ni nzuri kwa nafaka, kwa sababu chumvi hushikana pale unyevu unapokuwa karibu asilimia 15. Kwa chai asilimia 15 ni kuharibika tayari, kwa hiyo chumvi ikikaa kavu haijakuambia kitu.

Ukishakausha, acha bidhaa ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa kabla ya kufungasha. Ukiifunga ikiwa moto, mvuke wake utageuka matone ya maji ndani ya pakiti usiku. Na fungasha mchana, kati ya saa sita na saa kumi, hewa inapokuwa kavu zaidi. Asubuhi, hasa Januari hadi Machi, chumba kilekile huwa na unyevu mwingi.

Kwa vifuko, saga halafu chekecha mara mbili. Chekeche la kwanza la matundu ya milimita 2 hubakiza vipande vikubwa, la pili la milimita 0.3 huondoa vumbi. Vumbi lisipoondolewa hupenya karatasi, hujaa chini ya boksi, na mteja hudhani kifuko kimepasuka. Usilitupe, la choya linafaa kwa juisi, la mlonge huuzwa kama unga.

Je, kifuko kinahitajika?

Mara nyingi hapana. Nyumba nyingi hapa huchemsha majani sufuriani na kuchuja kwa chujio, na chai ya maziwa haijawahi kuhitaji kifuko. Uzeni majani huru kwanza, vifuko viwe kwa ofisi na hoteli zinazovitaka. Kikundi kinachoanza na boksi la vifuko kwa sababu "ndivyo supamaketi wanavyotaka" hubeba gharama kubwa kabla hakijapata wateja.

Kwa mikutano ya mjini, ambako watu 100 wakinywa vikombe viwili hutupa vifuko 200 na bahasha 200 kwa siku, shona mfuko wa kitambaa wa kutumia tena ndani ya chupa ya chai ya lita 5:

- Kata kitambaa cha marekani, kile cha pamba kisichopaushwa, sentimita 32 kwa 26.
- Chemsha dakika 20, mwaga maji, rudia. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaofanya chai isiwe angavu na iwe na ladha ya gundi.
- Kunja katikati, shona chini na ubavuni kwa uzi wa pamba, acha pindo la sentimita 3 juu la kupitisha kamba ya pamba. Mishono miwili sambamba, si mmoja, kwa sababu majani yakivimba husukuma.
- Tia gramu 50 za chai kwa lita 5, yaani gramu 10 kwa lita. Tumia daraja la PF1 au BP1, yaani chai nyeusi ya chembechembe. Vumbi la chai hupita kwenye kitambaa.
- Maji yakiwa yamechemka hasa, zamisha dakika 5, kisha utoe. Mfuko ukiachwa mpaka kikao cha pili, chai inakuwa chungu na lawama inamwendea mpishi.

Osha kwa maji ya moto bila sabuni, anika juani. Usiuzamishe kwenye maziwa kamwe, mafuta yake hayatoki na kesho yake yananuka. Mfuko wa choya ubaki wa choya tu.

Kutengeneza kifuko cha karatasi kisichozibwa kwa joto

Kuna vifuko vilivyo tayari vyenye kamba ya kuvuta. Vinarahisisha kazi, ila vingi vinavyoonekana kama karatasi laini ni polipropilini. Jaribio la pasi kwanza.

Ukipata karatasi ya roli isiyozibwa kwa joto, unaweza kukunja kwa mkono kifuko cha vyumba viwili. Ni umbo lilelile linalotolewa na mashine ya Constanta ambayo kampuni ya Teekanne ya Ujerumani iliitoa mwaka 1949. Faida yake ni kwamba maji hupita pande nne, hivyo gramu 2 hutoa rangi haraka kuliko kifuko bapa.

1. Kata kipande cha urefu wa sentimita 16 na upana wa 11. Mikono mikavu, meza iliyofutwa.
2. Kutanisha kingo mbili ndefu, zikunje pamoja nusu sentimita, kisha kunja tena nusu sentimita. Pitisha ubapa wa kijiko ukikandamiza. Umepata bomba bapa la upana wa sentimita 4.5.
3. Pindo likitazama juu, weka alama katikati, sentimita 8. Kwa kijiko kirefu tia gramu 1 upande huu na gramu 1 upande ule. Majani yasijaze zaidi ya theluthi ya chumba.
4. Kunja katikati ili ncha mbili zikutane juu, pindo likiwa ndani. Sukuma kitako kidogo kwa ndani kwa kidole ili kifanye umbo la W.
5. Kunja pembe mbili za juu kuelekea katikati, kisha kunja kilele chini mara mbili, sentimita 1.5 kila mara.
6. Pitisha sindano yenye uzi wa pamba wa sentimita 18 katikati ya mkunjo, rudisha, funga fundo. Ncha nyingine ishone kwenye kikaratasi cha sentimita 2.5 kisichochapwa wino upande unaogusa maji.

Usitumie pini za stepla za ofisini. Hupata kutu ndani ya kikombe. Viwanda hutumia pini ya alumini, lakini choya ni kali na asidi huila alumini, kwa hiyo kwa choya uzi ni bora hata ukiwa na mashine. Karatasi ya magazeti, ya fotokopi au tishu ya mezani haifai kabisa: ina wino, vijazio, au inayeyuka.

Kosa linalojitokeza zaidi ni kujaza kupita kiasi. Choya huvimba, mkunjo wa juu unafunguka, majani yanaelea. La pili ni mkunjo mmoja ubavuni badala ya miwili. Kabla ya kutoa toleo zima, chukua vifuko 10, vizamishe kwenye maji yanayochemka dakika 10, vinyanyue kwa uzi na kuvitikisa mara tano. Kikifunguka hata kimoja, rudi kwenye mikunjo.

Kazi ya mkono ni ya polepole. Inafaa kwa bidhaa ya bei ya juu, zawadi au hoteli ndogo. Ukipata oda ya maelfu, hesabu tena kama majani huru hayatoshi.

Fungashio la ndani

Karatasi pekee haizuii unyevu wala harufu. Foili iliyogandishwa na plastiki na karatasi huzuia kila kitu, lakini haiwezi kutenganishwa, na hakuna mwokota taka anayeinunua. Kati ya hizo mbili kuna njia tatu zinazowezekana hapa.

Kwa wateja wa mjini Dodoma, kopo la bati au chupa ya kioo yenye mfuniko, inayorudishwa kwa kujazwa, inashinda zote. Weka amana inayokaribia bei ya kopo lenyewe, vinginevyo halirudi. Kopo likirudi lioshwe, likaushwe juani likiwa wazi, na kunuswa: kopo lililowekwa vitunguu jikoni kwa mteja litaharibu mchaichai.

Kwa safari, tumia mfuko wa kaki wa GSM 80 (gramu 80 kwa mita ya mraba) wenye kifuko cha ndani cha aina moja tu ya plastiki, unene wa maikroni 30 hivi, kisichogandishwa kwenye karatasi. Bado ni plastiki, ndiyo. Lakini ni gramu 1 kwa gramu 100 za chai, na mteja anaichomoa kwa mkono, karatasi ikienda kwenye mboji. Kwa vifuko 25, kifuko kimoja cha ndani cha pamoja badala ya bahasha 25 kinaondoa zaidi ya gramu 10 za taka kwa boksi.

Njia ya tatu ni selofani halisi ya selulosi, inayotokana na mbao na inayooza. Ni ghali, huvunjika kwenye hewa kavu sana kama ya Agosti, na isiyopakwa kitu haizuii unyevu vizuri. Inunue tu kama una mteja aliyekubali bei.

Usiamini chaguo lolote kabla ya jaribio la ndoo:

1. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Tia chini kilo 1 ya chumvi na mililita 300 za maji. Chumvi nyingi ibaki bila kuyeyuka. Ikiwa hivyo, hewa ya ndani hukaa karibu asilimia 75 ya unyevu, kama Dar.
2. Weka bakuli lililopinduliwa au wavu ili pakiti zisiguse chumvi.
3. Weka pakiti tatu za gramu 100 zilizofungwa kama za kuuza, na pakiti moja tupu iliyofungwa vilevile. Pima zote kwanza na uandike juu yake.
4. Funika, weka kivulini, pima kila baada ya siku 7 kwa wiki nne.
5. Toa ongezeko la pakiti tupu, maana karatasi nayo hunywa maji.

Chai iliyoanza na asilimia 6 na kuongezeka gramu 3 sasa ina gramu 9 za maji kati ya 103, yaani asilimia 8.7. Kwa mlonge umeshavuka mpaka. Kama hilo limetokea wiki ya pili, fungashio hilo ni la kuuzia Dodoma peke yake, au muda wa mwisho wa matumizi uwe mfupi. Pakiti moja ikiongezeka kuliko wenzake, tatizo si nyenzo bali mshono: angalia kama majani yamebanwa kwenye mdomo wa kifuko.

Boksi, wino, gundi

Boksi la GSM 300 linatosha. Mengi hutengenezwa makubwa kuliko yaliyomo ili yaonekane. Punguza mpaka vifuko vikae bila kucheza. Ondoa dirisha la plastiki, ondoa nailoni ya nje, na mwambie mchapaji asipake utando wa kung'aa, kwa sababu huo ni plastiki na huharibu boksi kwa wanaonunua maboksi chakavu. Badala ya nailoni, lebo moja ya karatasi inayovuka mfuniko inaonyesha kama boksi limefunguliwa.

Boksi la karatasi iliyorejelewa ni jema, ila lisiguse chai moja kwa moja. Mafuta ya wino wa zamani hubaki kwenye nyuzi na huhamia kwenye chakula kikavu. Kifuko cha ndani kinahitajika.

Boksi la kujifunga kwa mikunjo halihitaji gundi. Ukihitaji, pika uji wa wanga: vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye mililita 250 za maji baridi, koroga, pika mpaka ung'ae. Paka nyembamba, kausha kabisa, na utumie ndani ya siku hiyo. Hifadhi maboksi juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa kuwa mchwa wa Dodoma hupenda karatasi na wanga kwa pamoja.

Unachoandika

Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya vyakula vimeachwa nje. Kwa hiyo kupunguza plastiki ya ndani ni uamuzi wako, na kila dai unalochapa ni lako kulithibitisha. Andika kitu kinachopimika: "Kifuko cha karatasi isiyo na plastiki, uzi wa pamba. Chomoa kifuko cha ndani kabla ya kutupa boksi." Maneno "rafiki wa mazingira" peke yake hayamwambii mteja afanye nini.

Lebo ibaki na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina na anwani ya msindikaji, na namna ya kuhifadhi. Wajasiriamali wadogo hupitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kupata utambulisho kwenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Ukiwa tayari na alama ya ubora na unataka kubadilisha fungashio, waeleze kabla ya kuchapa, kwa sababu muda wa matumizi uliokubaliwa ulitegemea fungashio la zamani.

Mwisho wa kifuko

Mboji ya kurundika juu ya ardhi, inayoelezwa kwenye vitabu vya nchi za mvua, hapa hukauka kabla haijaoza. Chimba shimo kivulini, mita 1 kwa mita 1, kina cha sentimita 60. Tabaka la mabua ya mtama au uwele yaliyokatwakatwa sentimita 10, samadi ya mbuzi au ng'ombe sentimita 5, masalia ya chai na vifuko yasiyozidi sentimita 5, udongo kidogo, kisha rudia. Kwa kila ndoo ya masalia ya choya nyunyiza kikombe kimoja cha majivu kupunguza ukali. Mwagilia maji ya kuoshea mboga, funika kwa gunia, geuza kila wiki mbili.

Kipimo ni kukamata konzi na kukamua. Tone moja au mawili yakitoka, sawa. Yasipotoka, mchwa watakuja badala ya vijidudu vya mboji na kubeba karatasi tu. Yakitiririka, patanuka, ongeza mabua.

Thibitisha vifuko vyako humo kabla ya kudai kwenye lebo kwamba vinaoza. Weka vifuko vitano vilivyotumika ndani ya kipande cha neti ya mbu, funga, zika kina cha sentimita 15, na uweke kijiti chenye tarehe. Fukua kila wiki mbili. Kwenye shimo lenye unyevu, kifuko cha karatasi tupu huwa kimevunjika ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Kile cha kuzibwa kwa joto huacha utando mwembamba kama wa buibui, ndiyo polipropilini yenyewe. PLA na nailoni hutoka karibu vizima, vimebadilika rangi tu. Uzi wa pamba huchelewa kidogo kuliko karatasi, hilo ni kawaida. Ila karatasi ikiwa imekwisha kabisa na uzi bado hauvutiki kukatika, urudishe kwenye jaribio la moto, huenda muuzaji alikupa poliesta.